Makopo ya Jumanne

Mwanza nilikwenda kujitolea kama nesi katika kliniki ya watoto wenye mguu kifundo, na watu wa nyumbani Mombasa walinisindikiza kana kwamba navuka bahari saba. Wala bahari sikuiona. Ni basi la usiku hadi Nairobi, jingine kupitia Narok, Kisii na Migori, mihuri ya pasipoti mpakani Sirari, kisha Tarime, Bunda, Lamadi, Magu, mpaka mawe makubwa yaanze kubebana juu ya vilima na kondakta aite Igoma. Lakini ugenini ni ugenini. Pesa ni nyingine, kibali kinatafutwa kwa foleni, na mzaha wa watu unauelewa siku mbili baada ya wenyewe kumaliza kucheka.

Mama yangu ndiye aliyepanga begi. Sare na viatu vya kazi aliviacha nivitie mwenyewe. Yeye alishughulika na halua, mabuyu mekundu, achari ya embe kavu na pakiti ya iliki. Mahamri aliyakataa katakata, kwa sababu siku ya pili yameshakuwa magumu na utamwaibisha aliyeyapika. Halua haina haraka. Sukari na samli vinailinda, inakaa wiki kadhaa bila friji, na kipande cha ukubwa wa kidole kinamtosha mtu na kikombe chake cha kahawa. Kwetu mtu haendi kwa watu mikono mitupu, na sahani ya jirani hairudishwi ikiwa tupu. Watoto wa Mombasa hujifunza kanuni hiyo mwezi wa Ramadhani, pale wanapotumwa na sahani za futari nyumba hii hadi ile na kurudi na sahani zilezile zimejaa vitu vingine. Nilikwenda nayo Mwanza bila kufikiri kama huko inatumika.

Niieleze kazi kwanza, maana bila kazi habari ya vitafunio haitaeleweka. Mtoto mwenye mguu kifundo huzaliwa wayo umegeukia ndani na kisigino kimepanda juu, wakati mwingine mguu mmoja, wakati mwingine yote miwili. Duniani humpata takriban mtoto mmoja katika kila elfu wanaozaliwa. Zamani wengi walipasuliwa, na mguu ukabaki mgumu na wenye maumivu ukubwani. Siku hizi hutumika njia ya daktari Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani: unaukanda mguu kwa upole, unausogeza nje kidogo tu, unaufunga POP, yaani plasta ngumu, kuanzia vidoleni hadi pajani goti likiwa limekunjwa, na wiki inayofuata unaifungua na kusogeza tena kidogo. Baada ya POP tano au sita hivi, mguu unakuwa umefuata. Watoto wengi hukatwa kano ya kisigino, kijeraha kidogo tu kwa ganzi ya pale pale, wakafungwa POP ya mwisho ya wiki tatu. Halafu viatu vilivyounganishwa kwa fito: saa 23 kwa siku katika miezi mitatu ya kwanza, baadaye usiku na wakati wa kulala tu, mpaka mtoto afikishe miaka minne au zaidi.

POP hiyo, Mwanza yote inaitwa hogo. Siku ya hogo kwetu ilikuwa Jumanne.

Utaona basi kwamba dawa kubwa hapo ni mama kurudi. Ufundi upo, lakini fundi hawezi kumfuata mtoto Ukerewe au Kwimba. Mama akikosa nauli, au mume akisema imetosha, au bibi wa mtoto akisema mguu huo una mkono wa mtu, kazi yote inarudi nyuma. Na mama zetu walitoka mbali. Wa Magu na Misungwi walikuja na daladala za alfajiri. Wa Sengerema na Geita walisubiri kivuko pale Busisi. Wa kisiwa cha Ukara ndio walionishangaza zaidi: kivuko cha kwanza hadi Bugolora, gari hadi Nansio, meli hadi Mwanza, na mara nyingi kulala kwa ndugu njiani ili Jumanne asubuhi wawe kwenye benchi.

Wakifika, watoto wanalowekwa. Kila mama anapewa beseni la maji ya uvuguvugu, anaweka miguu ya mwanawe humo mpaka hogo la wiki iliyopita lilainike, halafu anaanza kulifungua mwenyewe taratibu kama anayemenya. Kazi hiyo haina haraka. Mama kumi na kitu wameketi na mabeseni, mikono ina maji ya chokaa, hakuna anayezungumza, kila mmoja anatazama mguu wa mwenzake kwa pembe ya jicho kuona nani ametangulia kunyooka. Kimya kile kilikuwa kizito. Na wengi walikuwa hawajatia kitu kinywani tangu jana yake.

Njaa ya mama si jambo la huruma tu katika kazi hii. Wakati wa kufunga, tunataka mtoto anyonye. Mtoto anayenyonya hulegeza mguu. Anayelia huukaza, na mguu uliokazwa haufungwi vizuri, kwa sababu POP inaanza kuganda ndani ya dakika chache na mkono wa fundi lazima utulie pale pale. Mama mwenye njaa na hofu, maziwa yanachelewa kushuka, mtoto anapiga kelele, na fundi anatokwa jasho. Fundi wetu alikuwa mzee wa Kisukuma kutoka Kwimba, mtu wa maneno machache. Wote tulimwita Mzee wa Hogo. Siku moja, baada ya kumaliza mtoto aliyelia mwanzo hadi mwisho, alinawa mikono akaniambia, "Binti, ile kitu yako tamu ya Mombasa bado ipo?"

Nilidhani anaitaka yeye. Alikuwa anaitaka kwa ajili ya benchi.

Tukaanza hivyo. Chumba cha hogo hakiingii chakula, vumbi lake huenda kila mahali, kwa hiyo tuliweka meza ndogo nje upande wa mapokezi, karibu na bomba la kunawia. Chupa mbili za chai ya tangawizi, na kopo. Wiki ya kwanza lilikuwa na halua iliyokatwakatwa vipande vidogo mno. Dada wa mapokezi aliikata kwa kisu cha bahasha kilichochemshwa, na hakuwa mkarimu hata kidogo. Mama mmoja wa Igoma alionja, akauliza kama ni dawa. Mwingine akasema ni gundi nzuri. Wa tatu akachukua kipande, akakifunga kwenye ncha ya kitenge, na nilipomtazama akasema cha mtoto aliyebaki nyumbani. Nikamwongezea kimoja ale pale pale mbele yangu. Tangu hapo ikawa sheria isiyoandikwa: kimoja cha kula, kimoja cha kufunga kwenye kitenge.

Halua ya Mombasa haiwezi kulisha benchi la Mwanza kila wiki, hilo lilijulikana mapema. Nikahamia kashata. Nazi huko ni bidhaa ya kusafirishwa kutoka pwani na bei yake inakwambia hivyo, ila karanga Usukumani zimejaa. Unakaanga, unapeta maganda, unayeyusha sukari na maji kidogo mpaka iwe rangi ya chai ya rangi, unatia iliki na tangawizi ya unga, unamwaga kwenye sinia iliyopakwa mafuta na kukata kabla haijapoa, la sivyo utaivunja kwa nyundo. Kashata si jambo geni Mwanza. Kila kijiwe cha kahawa, kuanzia Makoroboi mpaka Kirumba, kina birika na kashata zake. Iliki ndiyo iliyonipa jina. Nikawa dada wa iliki. Watoto wa chini ya miaka mitano sikuwapa karanga hata waliponililia, maana karanga nzima ikiingia njia ya hewa ni balaa, na nesi anayesahau hilo kwa ajili ya kufurahisha watu arudi shuleni. Hao walipewa ndizi mbivu. Wachanga walikuwa na ziwa la mama, basi.

Mpaka hapo nilikuwa mimi natoa na wao wanapokea, na niseme kweli, kulikuwa na utamu wake. Ni utamu wa hatari kidogo. Mtu aliyekwenda kujitolea nchi ya watu anapenda kushukuriwa kuliko anavyokiri, na "asante dada" za Jumanne zilikuwa nyingi. Aliyenitoa hapo ni mama wa Ukara.

Huyu alikuwa na mtoto wa miguu yote miwili na hakuwa msemaji. Jumanne moja aliondoka na kashata tatu ndani ya kikopo changu cha plastiki, kwa sababu kitenge chake kilikuwa kimelowa. Aliporudi, kikopo kilikuja kimejaa dagaa wa kukaanga kwa pilipili na chumvi, wakavu, wanalia mdomoni. Alikiweka mezani, akafungua kifuniko yeye mwenyewe, akawaambia wenzake, "Karibuni." Halafu akanigeukia: "Na hili kopo nalirudisha, lakini wiki ijayo nalitaka." Lilikuwa langu! Lakini kwa jinsi alivyosema, nililijaza na kumrudishia, na yeye akalijaza na kulirudisha, na mpaka leo sijui kwa haki ni la nani.

Nilichokiona Jumanne ile ni kwamba benchi liliongea. Mama wa Sengerema alionja dagaa akasema wa kwao ni wakubwa zaidi. Mama wa Ukara akasema ukubwa wa nini, dagaa si sangara. Pakatokea ubishi wa kweli, wa sauti za juu, huku mikono iko kwenye mabeseni: dagaa wa giza na dagaa waliovuliwa mwezi ukikaribia, wa kuanika kwenye mawe na wa kuanika kwenye mchanga, nani anauziwa michanga pale soko la Mwaloni na nani anajua kuchagua. Dagaa wa ziwa hili huvuliwa usiku kwa taa, na taa haifui dafu mbele ya mbalamwezi, kwa hiyo wavuvi hufanya kazi siku za giza na kupumzika mwezi unapong'aa. Nilikuwa nalijua hilo kwa kulisoma. Sikujua kwamba nauli za kliniki yangu nazo zinafuata mwezi, mpaka mama wa Ukara aliposema mbele ya watu wote kwamba wiki fulani hakuja kwa sababu kulikuwa na mbalamwezi na mume hakuwa na kitu. Katika faili tuliandika "hakuhudhuria". Tukaanza kupanga tarehe za watoto wa visiwani huku tukitazama mwezi, na dada wa mapokezi alibandika kalenda ya mwezi mwandamo ukutani, ambayo mimi nyumbani naitumia kwa mambo mengine kabisa.

Baada ya hapo makopo yaliongezeka yenyewe. Sikuwahi kumwomba mtu alete kitu, na ningeomba ingeharibika. Mama wa Geita alileta nanasi, ameshalimenya, limekatwa na kunyunyiziwa pilipili. Wa Nansio alileta machungwa ya Ukerewe, akayamenya maganda kwa wembe kwa mtindo wa kuzungusha, utepe mmoja usiokatika. Mtu wa Magu alileta matobolwa. Kwa msomaji wa pwani: viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa mpaka viwe vikavu. Kuna michembe pia, hiyo viazi hukatwa vibichi na kuanikwa, halafu hupikwa baadaye, watu wengi huitia karanga za kusaga. Ni akiba ya miezi ya njaa, lakini matobolwa yakitafunwa polepole na chai yana utamu unaochelewa kuja na kuchelewa kuondoka. Mzee wa Hogo alipoyaona alinyamaza kidogo, akachukua mawili, akatia moja mfukoni mwa koti jeupe.

Mlinzi wa geti naye, ambaye siku nyingine zote haonekani, Jumanne saa nne kamili alikuwa na jambo la kuuliza mapokezi.

Katika kipindi hicho tulitembelewa na wageni kutoka mbali, watu wema, waliokuja na maboksi. Biskuti za pakiti, midoli, soksi za watoto. Mama zetu walipangwa mstari, kila mmoja akapokea, picha zikapigwa, zikasemwa asante nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Vitu vilikuwa vizuri na soksi zilihitajika sana, kwa sababu ngozi ya mtoto aliyetoka kwenye hogo ikisuguliwa na kiatu hupata malengelenge. Sina la kulaumu. Lakini walipoondoka, mama wa Sengerema aliniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa dada, hawa tutawapa nini?" Nikamwambia hawadai kitu. Akasema anajua hawadai, ndiyo maana anauliza. Alishika ile pakiti ya biskuti mpaka jioni bila kuifungua.

Nimelifikiria swali lake mara nyingi. Kashata moja inarudishika. Mtu mwenye shilingi mia mbili tu mfukoni anaweza kesho kununua karanga za kupima kwa kikombe, akaja nazo, na tukawa sawa, hakuna aliye juu. Boksi haliwezi kurudishwa na mtu wa Ukara, kwa hiyo linamkalia. Ndiyo sababu baadaye nilikataa kwa adabu ndugu zangu wa Mombasa walipotaka kuchanga na kunitumia magunia ya unga na sukari kwa ajili ya "wagonjwa wangu". Niliwaambia watume mabuyu, kilo moja tu. Waliona kama nimepata kiburi cha ugenini. Wengine wataniambia mama mwenye njaa ya kweli hahitaji falsafa ya makopo, anahitaji unga, na watakuwa na haki; kwa njaa ya namna hiyo tulikuwa na ustawi wa jamii na hatukungoja Jumanne. Meza yangu ilikuwa ya kitu kingine.

Mwezi wa Novemba ulinipima. Dada mmoja wa maabara, mwenyeji wa Bukoba, alipokea kifurushi kilichokuja na meli, akaja nacho mbio kama aliyeshinda bahati nasibu. Senene. Ni wadudu wa kijani na wengine wa kahawia wanaokuja makundi kwa makundi msimu wa mvua, wanafuata taa usiku, na Wahaya huwangoja mwaka mzima. Wanang'olewa mabawa na miguu, wanakaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi. Alimimina kiganjani mwangu wanane hivi, na wote wakanitazama: mama wa benchi, Mzee, mlinzi. Nilimpigia mama yangu Mombasa kwanza. Aliniuliza Waislamu wa huko wanawala? Nikamuuliza dada wa Bukoba; akasema babake ni shehe na yeye ndiye mwizi mkubwa wa senene nyumbani. Mama akasema, "Basi kula, na uniletee." Nikala. Wanavunjika kama ngozi ya kuku iliyokaushwa vizuri, halafu mafuta yanakuja. Nilirudi kwa kiganja cha pili bila kuombwa.

Huyo huyo ndiye aliyenipa kahawa ya kutafuna. Kahawa nimekulia nayo. Mji wetu hauamki bila birika la kahawa tungu. Lakini huko kwao punje huchemshwa na majani yenye harufu, zikaanikwa, zikafungwa kwenye vifurushi vidogo, na mgeni akiingia anapewa chache mkononi azitafune. Tulikaa yeye na mimi juu ya jiwe nyuma ya kliniki, mji wote uko chini, hospitali ya Bugando kilimani ng'ambo ile na ziwa limejaa jua, tukitafuna na kubishana kuhusu njia ipi ni ya heshima zaidi kumkaribisha mtu. Alisema kahawa ya kikombe ikipoa mgeni anajua aondoke, ya mkononi haipoi. Sikuwa na jibu.

Machi ya mwaka 2025 meza ilipata mtihani wa aina yake. Ramadhani iliingia mwanzoni mwa mwezi, na siku chache baadaye ikawa Jumatano ya Majivu. Mimi nimefunga. Mzee wa Hogo, Mkatoliki wa kusimama, alikuwa ameacha sukari kwa Kwaresima, yeye anayetia vijiko vinne. Nusu ya benchi ina sababu ya kutokula. Nilidhani kopo litalala mpaka Idi. Mzee akasema hapana, watoto hawana Kwaresima, na mama anayenyonyesha ana ruhusa yake. Basi kila Jumanne tulisimama wawili tukigawa kashata tusizozila, yeye akinusa iliki na kusema kwamba kunusa hakukukatazwa na Papa. Magharibi nilipofika nyumbani nilikokuwa nimepanga, Mabatini, nilikuta mlangoni bakuli lililofunikwa. Siku moja uji wa ulezi, siku nyingine mihogo ya karanga. Mwenye nyumba alikuwa Mlokole na hakuwahi kulizungumza jambo hilo. Sahani zake nilizirudisha na kaimati, na akawa anakuja kunidai nikichelewa kurudisha, maana alitaka sahani ili ajaze tena.

Juni mwaka huo lilifunguliwa daraja la Kigongo hadi Busisi, kilomita tatu juu ya maji, na kivuko kikapumzika. Mama wa Sengerema na Geita walianza kufika mapema, wamepumzika, na ni jambo la kushukuru kwa kila hali. Kuna waliokuwa wanalala Busisi wakingoja. Walilalamika jambo moja tu, kwamba sasa hawapati muda wa kununua samaki wa kukaanga pale kivukoni, na wauzaji wenyewe wamehama. Kwa wiki kadhaa makopo ya upande huo yalikuja mepesi. Kisha mmoja akamtafuta muuzaji wake mpaka akampata stendi, na samaki wakarudi.

Mkataba wangu ulipokwisha hatukufanya sherehe ya kuagana, sipendi hotuba. Jumanne ya mwisho Mzee wa Hogo alisimama na karatasi, nikaogopa kwamba hotuba imekuja. Ilikuwa orodha ya makopo. Alisoma nani ana kopo la nani: la bluu la mama wa Magu liko kwa dada wa Bukoba, la siagi la mapokezi liko Nansio tangu Pasaka, la mlinzi halipo kwa sababu mlinzi hajawahi kuwa na kopo, na hapo watu walicheka mpaka watoto wakashtuka. Akamaliza kwa kusema kwamba dada wa iliki anaondoka na kopo la mama wa Ukara, na kwamba hilo ni deni la kimataifa.

Nalipa mpaka leo. Natuma halua kwa basi kupitia Nairobi, kondakta anamkabidhi mwenzake, na Mwanza anapokea Mzee. Mara ya mwisho alinipigia simu kulalamika kwamba kona moja imekatwa. Nikamwambia labda ni mpakani, watu wa mizigo wana kazi ya kukagua. Akasema, "Binti, mpakani hawakati kwa unyoofu namna hii, hiki ni kisu cha bahasha." Kopo limeshapakiwa kurudi: matobolwa chini, kahawa ya kutafuna katikati. Niliomba safari hii wasitie dagaa, kwa sababu abiria wa mbele walinung'unika kuhusu harufu kutoka Bunda hadi Kisii. Mama wa Ukara ameambiwa. Amesema abiria wafungue madirisha.